Tani 56 na mikrogramu moja: kutoka Kitonga mpaka kwenye kimondo

Siku ya 1: Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Kitonga

Tuko watatu kwenye kichwa cha semi. Shemeji kwenye usukani, utingo kajilaza kitandani nyuma yetu, mi niko upande wa abiria na begi la dada miguuni, kuna nguo kasema nizirudishe nyumbani. Dada mwenyewe tumemwacha Dar, hospitali ya saratani ya Ocean Road, na mama mdogo, anapigwa mionzi siku tano kwa wiki na bado ana wiki nne, shem ni mumewe lakini mzigo haumsubiri mtu, salfa inatakiwa Zambia. Hatuliongelei sana hilo. Tunaongea mengine.

Mengine yenyewe yalianzia kwenye benchi la hospitali. Mi ni mwalimu wa fizikia, kukaa kimya siwezi, nikamuuliza yule kijana wa mionzi hiyo LINAC yao, mashine ya kupigia mionzi, inafanyaje kazi, akasema mzee ni elektroni tu, zinasukumwa ndani ya bomba mpaka zinakaribia kasi ya mwanga, zinagonga kipande cha tungsteni, hapo ndo inatoka eksirei kali. Yaani akselereta, mashine ya kuzipa chembe kasi. Nikajiona mjinga kidogo, maana miaka yote nafundisha TV ya chogo kwamba kule nyuma kuna kitu kinarusha elektroni kwenye kioo kwa volti elfu 20 na ushee, na sijawahi kuwaambia watoto kwamba hiyo nayo ni akselereta, ndogo, walikuwa nayo sebuleni kwao! Basi usiku wa kwanza nikaanza kushusha video na makala kwenye simu, bando likaisha, nikanunua lingine, na nikakuta jambo ambalo sikuwahi hata kulisikia, kwamba toka miaka ya 1970 kuna watu wanataka akselereta iwashe moto wa jua hapa duniani wapate umeme.

"Fyusheni?" shem kauliza. "Kama Fuso?"

Utingo kacheka kule nyuma, kumbe hakuwa amelala.

Nikamwelezea hivi. Unachukua deuteriamu na tritiamu, zote ni haidrojeni ila zimeongezewa nyutroni, ukizibana sana na kuzipa joto la mamilioni ya nyuzi zinaungana kuwa heliamu na nyutroni inayoruka na nguvu nyingi. Njia mojawapo ni kutengeneza kidonge cha milimita chache tu, unakipiga pande zote kwa wakati mmoja, ganda linafyatuka kwenda nje na kilichomo ndani kinabinywa mpaka kinawaka. Anayekipiga ndo wanamwita dereva. Hapo shem akakaa vizuri kwenye kiti. Nikamwambia dereva maarufu ni leza, ila kuna dereva wa pili hatajwi sana, naye ni akselereta inayorusha ioni nzito, atomi za madini kama bismuthi zilizonyang'anywa elektroni.

Kitonga tumeianza saa tisa alasiri. Gia ya kwanza, mngurumo mpaka kwenye meno, ukuta wa jiwe upande mmoja na korongo upande mwingine. Katikati ya mlima matawi ya miti yametandazwa barabarani, ukiona matawi unajua mbele kuna gari limekufa, na kweli lipo, limekata propela kwenye kona. Tukasimama saa mbili na nusu. Akina mama wanapita na karanga na ndizi, madereva wameshuka wanakojoa ukingoni, salamu za kamwene zimeanza.

Pale kwenye foleni nikapata mfano ambao darasani nisingeupata. Kidonge kinataka kipigwe ndani ya nanosekunde kama 10, yaani sekunde moja ukiigawa mara milioni 100 uchukue kipande kimoja. Sasa akselereta haiwezi kuzaa ioni zote kwa muda mfupi hivo, zinatoka kama msururu mrefu, wa kwanza yuko mbele kabisa na wa mwisho bado hajaanza safari. Wanachofanya ni kuupa mkia kasi kubwa kuliko kichwa. Msururu unaenda unajikunja wenyewe njiani, na ukikadiria vizuri wote wanafika kwa mpigo, msururu wa mamia ya mita unakuwa kama mita moja tu pale kwenye kidonge.

Shem akatazama foleni mbele, akatazama kioo cha pembeni.

"Mwalimu, mkia ukikimbia kuliko kichwa, hiyo huku tunaiita ajali."

Ndo hiyo hiyo shem. Wanatafuta ajali ila wanataka itokee mahali walipopapanga.

Na kuna ugumu mwingine, ioni zote zina chaji chanya, kwa hiyo zinachukiana, kadiri unavyozisogeza karibu ndo zinavyosukumana. Kule Berkeley, Marekani, walijaribu kupitisha mkondo wa ioni za potasiamu katikati ya plazma, yaani gesi ambayo elektroni zimeachana na atomi zake, ile plazma ina elektroni za kuzituliza, na wakaubana msururu mara 50 na zaidi. Mashine ndogo ya majaribio lakini ilionyesha ajali inapangika.

Tumelala Ilula. Nyanya kila mahali, matenga mpaka barabarani. Wakati wenzangu wanakula wali maharage mi nilikuwa na kalamu nyuma ya karatasi ya mzani. Gari letu na mzigo ni tani 56, ndo mwisho wa sheria. Likienda kilomita 50 kwa saa, ile spidi ya vijijini, nguvu ya mwendo iliyomo ni megajuli 5 na pointi kidogo. Nimerudia mara tatu maana sikuamini, sababu megajuli 5 ndo kiasi kile kile ambacho michoro ya mitambo hii inataka dereva akifikishe kwenye kidonge. Sasa sikia hii. Ioni moja ya bismuthi wanaipa elektroni-volti (kipimo cha nguvu ya chembe) bilioni 10, inakimbia karibu theluthi ya kasi ya mwanga, ili upate megajuli 5 unahitaji ioni kama milioni bilioni 3, ukizipima zote kwenye mzani ni kama mikrogramu moja. Semi nzima na salfa yake, na matairi, na utingo, imeingia kwenye kavumbi usikoweza kukaona kwenye ukucha.

Nikamwonyesha shem ile karatasi. Akasema, "Na breki zake je?"

Breki ni kidonge.

Siku ya 2: Iringa, Mafinga, Makambako

Siku fupi. Ipogolo tumepita asubuhi ukungu bado umelala mtoni, hatukupanda mjini, malori yanaishia bondeni. Chai na chapati, utingo kanunua ulanzi kwenye kidumu akadhani shem hajaona.

Baada ya Mafinga ni misonobari kulia na kushoto, Sao Hill, na kwenye viwanja nguzo za umeme zimerundikwa mamia kwa mamia zinangoja kupelekwa nchi nzima. Hapo nikakumbuka kumwelezea utingo (kahamia mbele, shem kapumzisha mdomo) jinsi ioni zinavyosukumwa. Kuna njia mbili. Wajerumani na wenzao wa Ulaya walipenda kutumia mawimbi ya redio halafu wanazikusanya ioni kwenye mabomba ya mduara mpaka zitoshe, ndo mchoro wa mtambo wa HIBALL wa 1981 ulivyokuwa, bismuthi hiyo hiyo niliyopigia hesabu jana. Wamarekani wa Berkeley wakang'ang'ania njia ya transfoma. Transfoma ile ile ya kwenye nguzo! Unaweka pete ya sumaku kuzunguka bomba, umeme unapita kwenye koili mara moja kwa kishindo, na ule msururu wa ioni unaopita katikati unakuwa kama waya wa upande wa pili, unapata msukumo. Pete moja inasukuma kidogo, unapanga pete nyingi mfululizo, kila moja inasubiri msururu ufike kwake ndo inafyatua.

Aliyeanzisha hiyo ya pete ndo amenikaa moyoni kuliko wote. Nicholas Christofilos, Mgiriki aliyezaliwa Marekani, alikuwa fundi wa lifti Athens. Lifti! Fizikia alijisomea mwenyewe kwenye vitabu, akagundua namna ya kubana mkondo wa chembe kwa sumaku zinazopishana, hii inavuta huku, inayofuata inavuta kule, akaiandikia Berkeley, hakuna aliyemchukulia maanani. 1952 watafiti wa Brookhaven, maabara nyingine ya Marekani, wakaja na wazo hilo hilo wakalichapisha wao, jamaa akakuta makala yao akasema hee hii ni yangu na hati ya kuombea hataza ya ugunduzi ninayo. Wakakubali, 1953 wakamwajiri. Baadaye kule Livermore, maabara ya California, ndo akajenga akselereta ya kwanza ya aina ya transfoma, miaka ya 1960 mwanzoni. Utingo akaniuliza huyo alisoma mpaka kidato cha ngapi, nikamwambia alikuwa injinia bwana, si kama wewe unavyotaka kusikia, ila fizikia hiyo hakufundishwa na mtu.

Makambako upepo unakata masikio. Nimelala na sweta mbili na koti la shem.

Siku ya 3: Igawa, Chimala, Uyole, Mbeya

Mvua imetukuta Chimala ikatusindikiza mpaka Igurusi. Mvua ya kuziba kioo, waipa wanahangaika, wauza mchele wamekimbilia chini ya maturubai. Shem kaenda mdogo mdogo na ndo akaniuliza swali la maana kuliko yote: kama leza ipo na imeshafanya kazi, ya nini kuhangaika na dereva mwingine?

Nikamwambia tuongee kwa LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, tutaelewana. Tarehe 5 Desemba 2022 kule Livermore, kwenye mtambo wa NIF, leza 192 zilipiga kidonge kwa megajuli 2.05 na kidonge kikatoa 3.15. Dunia nzima ikashangilia na ilikuwa haki yao, haijawahi kutokea kabla ya hapo. Lakini yuniti moja ya LUKU ni megajuli 3.6, kwa hiyo kilichotoka hata yuniti moja hakijafika. Na ili leza zitoe hizo mbili walivuta kwenye gridi kama megajuli 300, ambazo ni yuniti 83. We uko kwenye ule mpango wa mwenye matumizi madogo, mwisho yuniti 75 kwa mwezi, wenzako wamezidi mwezi wako kwa shuti moja, halafu vioo vikapata moto ikabidi wasubiri masaa.

Shem akapiga mluzi.

Leza ile ilitoa chini ya asilimia moja ya kile ilichokula. Siwasemi vibaya, mtambo haukujengwa kuuza umeme, na leza za sasa zinazotumia diodi ziko mbali zaidi ya hapo. Ila akselereta tangu zamani haina ugonjwa huo, mahesabu yanaipa asilimia 20, 30 na zaidi, na kupiga mara tano au kumi kwa sekunde, mchana na usiku, ni kazi ambayo akselereta zimezoea. Chukua asilimia 25. Megajuli 5 zinakugharimu 20 kwenye mita. Kidonge kikikurudishia 400 kama michoro inavyotaka, ukipitisha joto lile kwenye mvuke na tabo, mashine inayozungushwa na mvuke, unapata umeme kama 160, unalipa deni la 20 unabaki na 140. Piga hivo mara tano kila sekunde unapata megawati 700. Mitambo yetu ya maji, Mtera ni 80, Kihansi 180. Kwa dereva wa chini ya asilimia moja, hizo 5 tu zinamla zaidi ya 500 na kidonge kinarudisha umeme 160, utafunga biashara siku ya kwanza.

"Kwa hiyo," shem akasema, "dereva ni matumizi ya mafuta."

Ndo hicho nilichokuwa natafuta siku tatu jinsi ya kukisema.

Kulikuwa na moja zaidi na mvua ndo ilinikumbusha. Mlipuko ule mara tano kwa sekunde ungekula ukuta wowote. Kwa hiyo wengine, kama mchoro wa HYLIFE-II wa Livermore, wakapanga pazia la chumvi iliyoyeyuka ya lithiamu na berili na florini, inamwagika kuzunguka kidonge kama hii mvua kwenye kioo. Inakinga ukuta, inabeba joto, na lithiamu ikipigwa na nyutroni inazaa tritiamu ya vidonge vinavyofuata, maana tritiamu dukani hakuna, nusu yake inapotea kila miaka 12 na ushee. Na sumaku za kulenga zina tundu katikati, ioni zinapita humo, sumaku yenyewe inakaa pembeni ya njia ya mlipuko. Kioo cha leza lazima kiangalie moto uso kwa uso.

Uyole jioni. Mlima Loleza umefunikwa. Shem kanishusha Mafiati, kakataa chai, kasema akalale Mbalizi asubuhi aiwahi Tunduma. Tumeshikana mikono tu. Mwishoni akasema ukiongea na dada yako mwambie nimefika salama, hata kama bado sijafika.

Siku ya 4: Nyumbani

Hamna kitu. Nimefua nguo za dada, hazikauki, baridi na manyunyu. Mama shikamoo marahaba, kauliza anakula? Nikasema anakula. Umeme ulikuwepo.

Siku ya 5: Mbozi

Mtoto wa dada yuko kidato cha pili, toka nimerudi ananifuata kila chumba lakini haulizi, nikamwambia twende tukaone kimondo. Kosta mpaka Mbozi, halafu bodaboda moja tukapakia wote wawili, mshikaki, najua si vizuri. Njia ya vumbi imekuwa tope. Kwenye kibonde pikipiki ikazama mpaka kwenye mnyororo. Wakaja vijana wa shambani kama sita, na walichofanya nilitamani shem na utingo wangekuwepo: hawakusukuma wote pamoja, tope halina nafasi, walijipanga kando ya njia mmoja mmoja, bodaboda akawasha, akipita kwa wa kwanza anasukumwa, akifika kwa wa pili anasukumwa, mpaka akatoka juu kule na kasi. Mmoja alisukuma mapema akaanguka uso kwenye tope. Nikamwambia dogo umeona, hiyo ndo akselereta ya fundi wa lifti, na yule aliyeanguka ni pete iliyofyatua kabla ya wakati.

"Ndo kama ya mama?"

Nikasema ya mama ni binamu yake, inatumia elektroni na mawimbi ya redio, ukubwa wake inaenea chumba kimoja na inazunguka kitanda. Hiyo ya kuwasha kidonge ingekuwa ya kilomita. Akanyamaza akafuta tope kwenye kiatu.

Kimondo kipo, kimekaa juu ya msingi wake, tani zaidi ya 10, urefu kama mita 3. Cheusi, kina mabonde mabonde kama kimefinyangwa na vidole, na upande mmoja kuna alama ambapo watu walikata vipande. Wenyeji walikijua zamani, wazungu wakakiandika 1930. Ni chuma, karibu asilimia 90, kilichobaki kingi ni nikeli. Dogo akaweka kiganja, baridi.

Nikamwambia ile kazi ya kuunganisha haidrojeni kuwa heliamu, nyota kubwa zinaiendeleza, heliamu inakuwa kaboni, kaboni inaenda mbele, mpaka zinafika kwenye chuma. Chuma ukikiunganisha hupati faida tena, unalipa wewe. Hapo nyota inaishiwa inaporomoka. Hiki ulichoshika ni jivu la moto ule tunaotaka kuuwasha.

Akauliza, kama hesabu zinakubali kwa nini hawajajenga. Swali la haki. Leza unaanza ndogo, unapiga kidonge kidogo, unaandika matokeo, unaomba pesa ya kubwa. Ni kama baba yako, alianza utingo, akaja Fuso, akaja semi. Akselereta ya ioni nzito haina bodaboda yake. Ukijenga ndogo haiwashi chochote, inaonyesha tu kwamba msururu unabanika, ili uone kidonge kinawaka lazima ununue semi siku ya kwanza, mabilioni ya dola, na mwenye pesa anataka kwanza aone imewaka. Wamezunguka humo toka Maschke wa Brookhaven na wenzake walipoleta hoja miaka ya 1970. Mi naona walinyimwa haki kidogo, lakini pesa si zangu.

Njiani kurudi simu ikalia, ujumbe wa shem kutoka Tunduma. Nikampa dogo asome kwa sauti maana nilikuwa nimeshika koti:

"Foleni kilomita saba, niko hapa toka jana. Mwambie mwalimu mkia umeshafika wote, kichwa ndo hakisogei. Mama yako kapiga, leo kala ugali."